Patsy Cline wa baba na Patsy Cline wa simu

Swali: Salamu mzee. Marehemu baba alikuwa na santuri moja ya Patsy Cline, Greatest Hits, na kwenye kona ya jalada imeandikwa MCA-12. Hapa kwetu Nakuru ilikuwa haipiti Jumapili bila kuchezwa. Tuliiacha karibu na dirisha, jua likaipinda ikawa kama chapati. Nimebaki na jalada. Nataka kumnunulia mama nyingine kabla ya siku ya ukumbusho, lakini nikitafuta kwenye simu naona albamu zaidi ya mia, na “Walkin’ After Midnight” ninayoipata si ile ya baba. Sauti ni yake, wimbo ni ule, lakini umebadilika. Je, nimechanganyikiwa? Na ule wimbo alioimba na Jim Reeves uko kwenye albamu gani?

Jibu: Hujachanganyikiwa, dada yangu. Pole kwa santuri, na pole zaidi kwa mzee. Patsy Cline, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliurekodi wimbo huo mara mbili. Baba yako alikuwa na ule wa pili, na simu inakupa ule wa kwanza.

Wa kwanza ulirekodiwa tarehe 8 Novemba 1956. Usikilize tena usiku nyumba ikitulia. Kuna gitaa la stili, lile la kuteleza na kulialia, linalomjibu Patsy kila anapomaliza mstari. Anayelipiga ni Don Helms, aliyekuwa akimpigia Hank Williams. Hakuna waitikiaji. Ni mwanamke na barabara yake, na gitaa linamfuata nyuma. Januari 1957 aliuimba kwenye shindano la televisheni la Arthur Godfrey, akashinda, na wimbo ukapanda hadi nambari 2 kwenye chati ya kantri na nambari 12 kwenye chati ya pop.

Wa pili ulirekodiwa Agosti 1961. Humo wameingia The Jordanaires, wale wanaume wanne waliokuwa wakimwitikia Elvis Presley, na wimbo wote umelainika kama uliopigwa pasi. Sauti ya Patsy nayo imeshuka na kutulia; miaka mitano si haba kwenye koo la mtu. Isitoshe, huu ni wa stereo, sauti ya pande mbili, ilhali wa 1956 ni wa mono, sauti moja tu. Ulitiwa kwenye albamu ya Showcase iliyotoka Novemba 1961, na Decca, kampuni iliyotoa santuri zake, walipokusanya Greatest Hits mwaka 1967 wakachukua huo huo. MCA-12 ni mkusanyiko huo wa 1967 uliovalishwa nambari mpya, baada ya jina la Decca kuondolewa kwenye santuri za Marekani mwaka 1973 na nafasi yake kuchukuliwa na MCA. Kwa hiyo Jumapili zote hizo mlikuwa mkisikia Patsy wa 1961. Binafsi nampenda zaidi yule wa 1956, lakini hapa tunatafuta wa baba yako.

Kwa nini mtu aurekodi upya wimbo uliokwisha kumpa jina? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza pia ule utitiri wa albamu unaouona kwenye simu.

Mwaka 1954 Patsy, msichana wa Winchester, Virginia, mwenye miaka 22, alitia saini mkataba na kampuni ndogo ya California iitwayo 4 Star, mali ya bwana mmoja aitwaye Bill McCall. Mkataba ulimfunga aimbe nyimbo ambazo haki zake za uchapishaji ziko mikononi mwa 4 Star tu. Fikiria mpishi mzuri anayelazimishwa kununua kila kitu kwenye kibanda kimoja, na kibanda chenyewe kina nyanya zilizolala. Vipindi vya kurekodi alivisimamia Owen Bradley wa Decca, mtu aliyejua kazi yake, na santuri zilitoka kwa Decca na tawi lake la Coral kwa kukodi. Lakini tepu zilikuwa za McCall. Kwa miaka hiyo zilirekodiwa nyimbo 51, na katika hizo 51 iliyovuma ni moja tu, “Walkin’ After Midnight”.

Mkataba ulipoisha 1960, Patsy alihamia Decca moja kwa moja, na mlango ukafunguka. Novemba mwaka huo akarekodi “I Fall to Pieces”, ikafika nambari 1 ya kantri mwaka uliofuata. Kisha “Crazy” ya Willie Nelson, kisha “She’s Got You”. Decca sasa walikuwa na nyota mkononi, lakini wimbo wake wa kwanza mkubwa ulikuwa kwenye tepu ya mtu mwingine, tena ya mono. Wakaurekodi upya.

Upande wa pili, 4 Star walibaki na zile tepu zao 51, na mwimbaji wao wa zamani sasa ni gumzo. Ungefanya nini? Walizikodisha. Kabla hata hajafa, lebo ya Everest ilikuwa tayari inauza nyimbo hizo chini ya jina la Golden Hits, ingawa hazikuwa na dhahabu yoyote ila wimbo mmoja. Alipofariki katika ajali ya ndege karibu na Camden, Tennessee, tarehe 5 Machi 1963, akiwa na miaka 30, biashara hiyo ikawa haina breki. Tangu hapo nyimbo zile zile zimezunguka kutoka lebo hadi lebo, santuri, kanda, CD, hadi simu yako, kila mara na jalada jipya na picha ile ile ya Patsy akitabasamu. Albamu rasmi alizotoa akiwa hai ni tatu tu: Patsy Cline ya 1957, Showcase ya 1961 na Sentimentally Yours ya Agosti 1962. Hizo nyingine unazoziona ni watoto na wajukuu, na wengine hata hawajulikani baba yao.

Mwenyewe niliwahi kuliwa. Miaka kadhaa iliyopita niliona katika duka moja la mjini seti ya CD tatu, jalada linang’aa, neno “kamili” limeandikwa kwa Kiingereza kubwa kuliko jina la mwimbaji. Bei ilikuwa ya kirafiki mno, na hilo lingepaswa kunishtua. Nikafika nyumbani, nikapika chai, nikaketi kungoja “Sweet Dreams”. CD ya kwanza haimo. Ya pili haimo. Ya tatu ikaisha chai ikiwa imepoa. Niliporudi dukani kijana akageuza jalada, akalisoma, akaniambia, “Lakini mzee, si imeandikwa kamili?” Sikumlaumu. Kosa halikuwa lake, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kuchunguza kwa nini wimbo ule haukuwamo.

Sababu ni sheria. Barani Ulaya rekodi ya muziki ilikuwa ikilindwa kwa miaka 50 tangu kutolewa. Kuanzia Novemba 2013 ulinzi uliongezwa hadi miaka 70, lakini kile kilichokuwa kimekwisha kuwa huru hakikurudishwa kifungoni. Sasa piga hesabu. Nyimbo zilizotolewa hadi mwisho wa 1962 zilikuwa huru tayari. Zilizotolewa 1963 ziliwahi kamba mpya, na zitalindwa hadi mwisho wa 2033. Maana yake, yeyote kule Ulaya anaweza kuchukua “Crazy” na “I Fall to Pieces”, hata albamu zote tatu rasmi, akazitia kwenye CD moja na kuziuza bila kuvunja sheria ya huko. Lakini “Sweet Dreams”, iliyorekodiwa tarehe 5 Februari 1963 na kutolewa akiwa kaburini, haruhusiwi kuigusa. Ndiyo maana seti yangu “kamili” iliishia ukingoni mwa 1962 kana kwamba Patsy aliacha kuimba usiku wa mwaka mpya.

Hapo ndipo jalada la baba yako linapogeuka kuwa kipimo. Ligeuze nyuma usome. Kati ya nyimbo 12 zilizoorodheshwa, nne zilitoka 1963: “Leavin’ on Your Mind”, “Sweet Dreams”, “Back in Baby’s Arms” na “Faded Love”. Ukikutana na albamu yoyote, dukani au kwenye simu, inayojiita mkusanyiko wa Patsy Cline na haina hata mmoja kati ya hizo nne, basi karibu kila mara ni ya hao wachukuaji wa Ulaya. Na ikiwa haina hata “Crazy”, hiyo ni 4 Star tupu.

Utaniuliza, kama ni halali huko, tatizo liko wapi? Tatizo ni chanzo cha sauti. Tepu za asili za Decca zilibaki kwa kampuni iliyorithi Decca, ambayo leo ni Universal. Hao wengine hawana tepu. Wananakili kutoka CD ya mtu mwingine, au kutoka santuri iliyokwisha kuchezwa vya kutosha, kisha wanaipitisha kwenye programu ya kuondoa mikwaruzo. Programu hiyo haijui mkwaruzo ni upi na pumzi ya mwimbaji ni ipi. Inafagia vyote.

Jaribu hivi kwa “Crazy”. Weka spika za masikioni, sahau maneno kwanza, fuata besi. Studio za Nashville siku hizo ziliweka besi mbili pamoja: ile kubwa ya mbao inayosimama, iliyopigwa na Bob Moore, na juu yake gitaa-besi la umeme la Harold Bradley, mdogo wake Owen, likipiga noti zile zile. Ya mbao inatoa uzito, ya umeme inatoa ncha, kitu kama “tik” ndogo mwanzoni mwa kila noti. Katika nakala nzuri utazisikia zote mbili, na ngoma ya Buddy Harman ikisuguliwa taratibu nyuma yake, na piano ya Floyd Cramer imesimama mahali pake. Katika nakala iliyofagiwa zinakuwa donge moja, kama zinapigwa chumba cha pili mlango umefungwa. Hapo huhitaji kusoma jalada tena.

Wimbo huo una kisa kinachotupeleka kwa swali lako la Jim Reeves. Juni 14, 1961 Patsy alipata ajali mbaya ya gari Nashville, akalazwa karibu mwezi mzima. Agosti 21 alifika studio na magongo kurekodi “Crazy”. Kawaida ya Nashville ilikuwa nyimbo kama nne kwa saa tatu. Wimbo huu mmoja ulikula saa nne na haukukamilika, kwa sababu mbavu zilikuwa bado zinauma na zile noti za juu hazikufika. Owen Bradley akarekodi ala, akamruhusu aende akapone. Alirudi katikati ya Septemba, akauimba juu ya ala zilizokwisha rekodiwa. Leo kila msanii anarekodi hivyo. Wakati ule waliingia wote pamoja, waimbaji na wapigaji, na aliyekosea aliwakosesha wote. Lakini tepu za njia tatu zilikuwa zimeshaingia, na sauti ya mwimbaji iliweza kukaa kwenye njia yake. Mara sauti inapokaa peke yake, miaka baadaye mtu anaweza kuitoa na kuivalisha nguo nyingine.

Na waliivalisha. Patsy na Jim Reeves hawakuwahi kurekodi wimbo pamoja. Isingekuwa rahisi hata wangetaka: Patsy alikuwa wa Decca, Jim alikuwa wa RCA. Jim naye alikufa kwa ndege, tarehe 31 Julai 1964, karibu na Nashville, akiiendesha mwenyewe. Ule wimbo unaoutafuta bila shaka ni “Have You Ever Been Lonely”, uliotoka 1981. Kila mmoja alikuwa ameuimba peke yake enzi za uhai wake. Wahandisi walichukua sauti ya huyu na sauti ya yule, wakazioanisha, wakawawekea ala mpya nyuma, na mwaka 1982 ukaingia kwenye tano bora za kantri, miaka karibu ishirini tangu wazikwe. RCA walikuwa wamekwisha uonja mchezo huo 1979 walipomwimbisha marehemu Jim na Deborah Allen. Basi ule wa Jim na Patsy utaupata kwenye albamu ya pamoja ya RCA ya 1981 iitwayo Greatest Hits, na mwaka uliofuata MCA wakatoa yao, Remembering. Angalia jina lisikuchanganye: hiyo Greatest Hits ya wawili si ile ya baba yako.

Najua watu wazima waliolia kwa wimbo ule, na najua nyumba hapa Kenya ambamo Jim Reeves ni kama mjomba, hivyo sitakuharibia. Usikilize kwa raha. Ila ujue unachosikiliza. Owen Bradley mwenyewe, aliyetengeneza zile rekodi za asili, alirudi kuzipandikizia ala mpya kwenye albamu ya Always ya 1980, na ikafanyika tena kwa muziki wa filamu ya Sweet Dreams mwaka 1985, ambamo Jessica Lange anafungua mdomo na sauti inayotoka ni ya Patsy. Sauti ni yake kweli, lakini ngoma na nyuzi ni za miaka ya themanini, zenye mwangwi mwingi. Ukinunua moja ya hizo ukidhani ni za asili, utahisi kama umemkuta bibi yako kwenye picha ya harusi yake amevaa miwani ya jua. Ukiona kwenye maandishi madogo mwaka wa 1980 au 1985, fahamu ni hizo.

Nije kwenye ununuzi. Kwa kuwa nia ni kumrudishia mama Jumapili zake, nunua kitu kile kile: Greatest Hits ya 1967. Imewahi pia kutolewa kwa jina la 12 Greatest Hits, nyimbo zile zile kumi na mbili, kwa hiyo usiipite kwa sababu ya jina. Marekani peke yake imeuza zaidi ya nakala milioni 10, haiwezi kuwa adimu, na asikudanganye mtu kwamba ni johari. Ukitaka santuri, zungukia walipo wauzaji wa santuri kuukuu, kwa mfano Kenyatta Market kule Nairobi, na uende na jalada lako mkononi. Nakala za zamani za Decca zina nambari DL 4854 au DL 74854. Ile 7 iliyotangulia ndiyo alama ya Decca ya stereo. Bila 7 ni mono. Kwa Showcase ni 4202 na 74202. MCA-12 nayo ilichapwa kwa miaka mingi, kibandiko cheusi chenye upinde wa mvua, kisha cha rangi ya khaki, kisha cha buluu, na sauti inatofautiana kidogo tu. Kinachotofautiana sana ni jinsi mwenye nayo alivyoitunza. Itoe kwenye mfuko, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha uone mikwaruzo, kisha ilaze juu ya kioo cha kaunta. Ikicheza kama sahani ya bati, mwachie. Ya kupinda unayo tayari.

Tahadhari moja kwa albamu ile ya kwanza ya 1957. Ilirekodiwa kwa mono, hivyo ukiona nakala yake imeandikwa stereo, ni stereo ya kughushi: walichukua sauti moja, wakaigawa kwa mashine, chini huku na juu kule. Inasikika kama mtu anayeimba ndani ya debe. Tafuta ya mono.

Kwenye simu usiamini mwaka ulioandikwa chini ya albamu, mara nyingi ni mwaka walioipandisha. Tafuta mstari mdogo kabisa mwishoni, wenye herufi P ndani ya duara, usome jina la mwenye rekodi. Ikiwa ni MCA Nashville au UMG Recordings, uko kwa mwenye tepu. Ukisoma jina usilolijua na mwaka kama 2014, pita.

Iwapo wewe mwenyewe umeanza kunogewa, na swali refu hivi linanifanya nishuku hivyo, kuna matoleo matatu ambayo ningeyakopea pesa. The Patsy Cline Collection ya 1991, CD nne, nyimbo 104, iliyoandaliwa na MCA pamoja na Country Music Foundation ya Nashville. Humo 4 Star na Decca zimekaa pamoja kwa mpangilio wa tarehe, na “Walkin’ After Midnight” zote mbili utazilinganisha mwenyewe. Sweet Dreams ya 2010, CD mbili za rekodi za studio za Decca za 1960 hadi 1963, haina uhusiano na ile filamu. Na Live at the Cimarron Ballroom, onyesho la Tulsa la tarehe 29 Julai 1961, ambalo halikutolewa hadi 1997. Hapo ametoka hospitalini wiki chache tu, bado mgonjwa, anazungumza na watu kati ya nyimbo kuhusu ile ajali, anacheka. Sauti haijasafishwa sana. Mimi huisikiliza kuliko zile za studio. Mwaka 2025 zikatoka pia rekodi za redio na televisheni za tangu 1954, kwa jina Imagine That, lakini hizo ni za mtu aliyekwisha kuzama.

Ukiipata MCA-12, usiitupe ile iliyopinda, na usiibanike kwa vioo kwenye oveni kama watu wanavyofundishana. Mifereji inalegea na sauti inaondoka. Itie sahani mpya kwenye jalada la zamani. Kabla ya kufanya hivyo chunguza ndani ya mfuko na nyuma ya jalada, kwa sababu wazee wa enzi hiyo walikuwa na desturi ya kuandika jina lao na tarehe waliyonunua kwa kalamu ya wino, pembeni kabisa, na mwandiko wa baba yako hauuzwi Kenyatta Market. Siku ya ukumbusho mwekee mama “Walkin’ After Midnight” kwanza, bila kumwambia kitu, utazame kama naye atagundua kuwa wale wanaume wanne wamerudi.